Siku Mia Mbili na Kumi na Mbili Bila Swali

Uvumi ulianzia kwenye foleni ya ugali ya mafundi, siku ya Ijumaa. Mwanamke mmoja wa kikosi cha rangi aliyekuwa mbele ya Subilaga aligeuka na sahani yake, akasema kama mtu anayesema mvua inakuja:

"Eti huyu Injinia Mwasomola anayetujibu maswali, mbona alizikwa mwaka juzi? Shemeji yangu alibeba jeneza."

Watu wakacheka. Mmoja akadakia, "Basi mtandao wa ahera ni mzuri kuliko wa Mwanjelwa!" Wakacheka tena, foleni ikasogea, kila mtu akapata maharage yake akaenda kukaa.

Subilaga hakucheka. Maneno yale yalimgandia kama zege kwenye nywele: unaosha, unachana, bado lipo. Alikaa na sahani mapajani asile. Maana yeye mwenyewe alikuwa amemuuliza huyo Injinia Mwasomola swali, mwezi wa sita, akajibiwa. Juu ya jibu lile zikajengwa ghorofa sita za bweni la wasichana. Na kwenye ghorofa ya nne ya bweni hilo, kuanzia Jumatatu, angelala binti yake Tumpe, aliyechaguliwa kidato cha kwanza.

*

Tuliseme vizuri hilo swali la mwezi wa sita, maana ndilo lenye kisa chote.

Zamani, Subilaga alipokuwa bado msichana wa kubeba maji saiti, michoro ilikuwa ya karatasi. Fomeni alitembea nayo kwapani imelowa, mingine ya mwaka uliopita, na watu walijenga ukuta leo wakauvunja kesho kwa sababu kuna karatasi mpya imebaki ofisini. Fundi akiuliza swali, lilisafiri. Liliandikwa, likapelekwa, likasahaulika kwenye droo, likajibiwa baada ya wiki tatu, na zege limeshakauka. Kwa hiyo ilipoletwa Shubaka, watu walishangilia, na Subilaga naye alishangilia. Asiseme mtu kwamba alikuwa mshamba wa kuogopa mitambo.

Shubaka ilikuwa ghala la karatasi zote za saiti, karatasi ambazo si karatasi. Kila fundi alivaa kioo kwenye kifundo cha mkono, na kwenye kioo hicho alifunguliwa kishubaka chake yeye tu. Fundi nondo aliona nondo, fundi bomba akaona mabomba. Ukitaka kuchungulia kioo cha mwenzako, kinazimika, kwa kuwa kinajua macho ya mwenyewe. Walisema ni kuzuia watu kuchanganyikiwa. Ukiwa na swali, unaliambia kioo, na kabla hujashusha mkono jibu limefika, na chini yake jina: Limejibiwa na Inj. A. Mwasomola.

Sasa siku hiyo ya mwezi wa sita, kwenye baridi ile ya Mbeya inayotafuta mifupa, Subilaga alikuwa amechuchumaa ghorofa ya pili akifunga nondo za bimu ya mbele, ile inayobeba korido. Nondo nne chini, nene, na ringi zake. Akaja Ndele, fundi bomba, na bomba la inchi nne begani na grainda ya kukatia chuma mkononi.

"Mama Tumpe, nisogezee hivyo vyuma vyako. Bomba la choo linashuka hapa."

"Linashuka wapi? Hapa ni bimu, baba."

"Kwangu mimi hakuna bimu. Kuna ukuta mtupu."

"Na kwangu hakuna bomba. Hebu nione."

Ndele akamnyooshea mkono. Kioo kikazimika. Subilaga naye akamnyooshea wake, kikazimika. Wakabaki wametoleana mikono kama watoto wanaoonyeshana kucha.

Ndipo Subilaga akasogeza kioo mdomoni. "Ghorofa ya pili, bimu ya mbele, mstari wa tatu. Bomba la inchi nne linataka kupita katikati ya nondo. Nondo zikatwe au bomba lihamishwe?"

Jibu: Fuata mchoro wako. Limejibiwa na Inj. A. Mwasomola.

Ndele akauliza na yeye. Jibu: Fuata mchoro wako.

"Si umesikia," Ndele akasema. "Injinia kasema."

"Kasema nini? Mimi nifuate wangu nifunge, wewe ufuate wako ukate? Huyo ni injinia au ni hakimu wa kuku?"

Swali la Shubaka halikufungwa mpaka aliyeuliza abonyeze kidole gumba, pale palipoandikwa Nimeridhika. Na aliyetunga utaratibu ule, popote alipo, Mungu amkumbuke kwa alichotenda: alikiweka kibonyezo hicho kwenye mlango wa jikoni. Kikosi chenye swali lililo wazi, komeo la mlango haliinuki. Si kwa aliyeuliza tu. Kwa wote.

Kikosi cha Subilaga kilikuwa na wanawake kumi na wawili. Siku ile hakubonyeza. Walikaa nje wakisikia vijiko vya wenzao. Siku ya pili saa saba mchana, Bi Hobokela, mkubwa wao, mwenye mikono migumu kuliko koleo, akamjia.

"Mama Tumpe, wewe unashiba maswali?"

"Dada, lile jibu si jibu."

"Jibu limetoka kwa injinia. Mimi na wewe tumeishia darasa la saba. Bonyeza."

Rukia, aliyekuwa na mtoto wa miezi mitatu, alikaa tu ameshika ziwa lililolegea. Hilo ndilo lililomshinda Subilaga. Akaweka kidole. Komeo likainuka, wanawake wakaingia, na moyoni mwake hakuwa ameridhika hata chembe.

Mchana ule Ndele alikata nondo mbili za katikati. Zikabaki mbili za pembeni. Na Shubaka, kwa bidii yake, ikatafuta jengo zima mahali panapofanana na pale, bimu nane kila ghorofa, ghorofa sita, ikabandika jibu lile lile kote. Mahali arobaini na nane. Hakuna aliyeuliza tena, maana jibu lilikuwepo tayari kabla ya muulizaji.

Getini kukawekwa ubao mkubwa wa taa: SIKU 1 BILA SWALI LILILO WAZI. Kesho yake, 2. Wageni walipigwa picha mbele yake.

*

Basi Ijumaa ile ya uvumi, ubao ulisoma 209. Subilaga aliacha ugali wake, akachukua ndoo na tambara ili aonekane ana kazi, akapanda ghorofa ya nne.

Korido ilinukia rangi mpya. Vitanda vilikuwa vimeshapangwa, vya chuma, viwili viwili juu na chini. Alisukuma mlango wa chumba cha tatu, ukakwaruza sakafu ukagoma katikati. Milango ya upande wa nyuma ilifunguka vizuri, iliyogoma ni ile ya upande wa korido. Akainua macho. Chini ya bimu, pale pale bomba linapopita, palikuwa na mstari mwembamba uliozibwa kwa puti na kupakwa rangi. Rangi ilikuwa imeshachanika tena. Akaingiza ukucha. Ukaingia.

Ndele alikuwa chumba cha pili akifunga koki. Alipomwona amesimama hivyo, alikuja polepole akasimama naye.

"Wamepiga puti mara tatu," alisema.

"Ulijua?"

"Mama Tumpe, nimekata mwenyewe. Mbili kila mahali. Tisini na sita. Nikilala nazihesabu."

"Na ukanyamaza!"

"Ningemwambia nani? Nikikiambia kioo hiki kinanijibu nifuate mchoro wangu. Nimefuata. Sijakosea popote, ndiyo ubaya wenyewe."

Subilaga akaongea na kioo chake pale pale. Akaeleza nyufa, akaeleza mlango, akaeleza nondo. Jibu likaja bila kupumua: Swali hili lilijibiwa. Uliridhika.

"Sijaridhika!"

Kioo kikamwonyesha maandishi madogo ambayo hakuwahi kuyaona. Mwenye kidole anaweza kukitengua. Akitengua, kila mahali palipotumia jibu lile patafungwa mpaka mtu aje kuona kwa macho. Na kwa kuwa atakuwa amekiri kwamba alibonyeza uongo, yeye na kikosi chake chote watafutwa. Hakuna saiti yenye Shubaka itakayowafungulia lango. Na wakati huo saiti isiyo na Shubaka ilikuwa imebaki wapi? Labda ya kujenga banda la mbuzi.

Alishuka hadi kwa fomeni Kiswaga. Kiswaga hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Aliwahi kumpa Rukia koti lake la mvua.

"Fomeni, bimu za korido zinapasuka."

"Ni plasta, mama."

"Plasta haizuii mlango usifunguke. Huyo Injinia Mwasomola umewahi kumwona?"

"Umewahi kuona jibu lake limechelewa?"

"Nakuuliza kama umemwona, baba. Ana uso? Ana kitambi? Anakunywa chai ya maziwa?"

Kiswaga akatazama chini. "Mama Tumpe, wewe una mchoro wako na mimi nina wangu. Wangu mimi ni ratiba. Jumatatu mgeni rasmi anakata utepe, mabinti mia mbili na arobaini wanaingia na magodoro yao. Nikimwita mtu wa kuja kuangalia, nitamwita nani? Kwenye Shubaka kuna jina moja tu la kuita."

"Si ndilo ninalokuuliza!"

"Siku mia mbili na tisa," alisema Kiswaga, na sauti ilikuwa kama ya mtu anayeomba. "Saiti nyingine wanatuonea wivu."

"Wivu hautashika korido, fomeni."

*

Jumapili baada ya ibada alipanda gari kwenda Kiwira. Aliuliza njia mara mbili tu, maana kule wafu wanajulikana kuliko walio hai. Alimkuta mjane, Bi Atuganile, akianika maharage uani. Wakasalimiana Kinyakyusa kama ilivyo adabu, salamu ya kwanza na ya pili, na habari za watoto na za mvua, ndipo Subilaga akasema kilichomleta.

Mjane alijifuta mikono, akamwongoza nyuma ya migomba. Kaburi lilikuwa la vigae vyeupe, na msalaba, na jina: Ambakisye Mwasomola. Tarehe ilikuwa ya mwaka juzi, mwezi wa pili.

Subilaga alishika kichwa. "Mwee! Mama, huyu mtu alinijibu mwezi wa sita uliopita!"

"Anajibu kila siku," alisema mjane. "Naambiwa anajibu mpaka Sumbawanga. Mimi tu ndiye hajanijibu."

Wakakaa kwenye ukingo wa kaburi, wanawake wawili, na mjane akaeleza. Siku ya kuanua matanga walikuja vijana watatu wenye mashati yaliyopigwa pasi, na soda kreti mbili. Wakasema marehemu aliacha majibu ya miaka thelathini na moja, barua na michoro, na ni dhambi hekima hiyo ioze pamoja naye. Jina lake liendelee kuwasaidia mafundi. Je, mama anaridhia?

"Nilikuwa sijalala siku tisa. Macho yamevimba hivi. Nikatia sahihi. Nilijua wanataka kutengeneza kitabu."

"Na yeye mwenyewe, alikuwa anajibuje watu?"

Mjane akacheka kicheko kifupi cha hasira. "Alikuwa hajibu! Ndiyo ugomvi wetu wa miaka yote. Mtu anapiga simu, 'Injinia, hapa nifanyeje?' Yeye: 'Usiguse kitu, nakuja.' Nimeshapakua, chakula kinapoa, kavaa buti, huyo. Hata Krismasi. Anasema jengo haliongei kwenye simu."

"Lakini mimi aliniambia nifuate mchoro wangu."

"Hayo alikuwa anawaandikia wavivu. Mtu anauliza geti lipakwe rangi gani, na rangi imeandikwa kwenye mchoro, mbele ya pua yake. Anamwandikia: fuata mchoro wako. Aliandika hivyo mara nyingi, wavivu ni wengi." Akaokota jani kavu lililoangukia kwenye vigae. "Basi wakachukua kile alichoandika mara nyingi. Zile safari zake hakuziandika popote, ataziandikaje? Alikuwa njiani."

Subilaga alihisi moto kifuani. Si huzuni, hasira. Mtu mzima aliyekuwa akiacha chakula mezani kwenda kuangalia, wamemgeuza mtu asiyetoka kitandani. Wamemvua buti wakaacha sahihi. Kisha wakaining'iniza sahihi hiyo juu ya watoto waliolala.

*

Jumatatu saa moja asubuhi aliwakusanya wenzake nyuma ya lundo la mchanga. Aliwaambia yote. Bimu, kaburi, soda. Akawaambia anachotaka kufanya, na kitakachowapata.

Bi Hobokela alisikiliza mpaka mwisho. "Kidole ni chako," alisema. "Sahani ni zetu kumi na mbili."

"Najua, dada."

"Hujui. Mimi nasomesha wajukuu wanne. Huyu hapa mume wake yuko kitandani mwaka wa pili. Hatuna kazi nyingine tunayoijua ila hii. Mwache mwingine aseme! Fomeni aseme! Ndele aliyekata aseme!"

"Ndele hawezi kutengua kidole changu. Swali lililoenea jengo zima ni langu."

Rukia alikuwa na mtoto mgongoni, sasa ana miezi kumi, anavuta kitambaa cha mama yake. Hakupandisha sauti.

"Dada Subilaga, nikuulize. Angekuwa haingii Tumpe humo ndani. Wangekuwa ni watoto wa watu tu, wa huko, usiowajua. Ungetengua?"

Wanawake wote wakamtazama. Subilaga alitafuta jibu zuri. Lilikuwepo, lilikuwa mdomoni kabisa, jibu la kupendeza. Akalimeza.

"Sijui," alisema. "Pengine ningekaa kimya. Miezi saba nimepita chini ya bimu zile na sikuinua macho hata siku moja, mpaka nilipoambiwa mwanangu kapangiwa ghorofa ya nne. Sina cha kujisifu. Lakini kwa kuwa nimeshainua macho, Rukia, nitayashushaje?"

Hakuna aliyemruhusu, asije mtu akasema walimruhusu. Bi Hobokela alitema mate pembeni akageuka.

Nje ya lango wazazi walikuwa wameshajaa. Matranka, ndoo, magodoro yaliyofungwa kamba. Mabinti wamevaa sketi mpya zinazofika kwenye soksi. Tumpe alikuwa kati yao, amekaa juu ya tranka lake, anampungia mama yake mkono kwa siri ili wenzake wasimwone mtoto wa mama. Utepe ulikuwa umefungwa mlangoni. Mgeni rasmi alikuwa bado kwenye gari anaongea na simu. Ubao wa taa ulisema 212.

Subilaga alikwenda kwenye mlango wa jikoni akaweka kidole.

Je, unataka kutengua?

"Ndiyo."

Kikosi chako kitafutwa. Je, una uhakika?

"Ndiyo."

Ulibonyeza ukiwa hujaridhika. Je, ulisema uongo?

Hapo alikikaza kidole. Nani alianza kusema uongo hapa? "Nilisema uongo," alijibu. "Nilikuwa na njaa na wenzangu walikuwa na njaa, na nyinyi ndio mlioufunga mlango. Andikeni na hilo!"

Haikuandika hilo. Lakini milango ya bweni ilijifunga kwa kishindo, ghorofa moja baada ya nyingine, na taa za njano zikawaka kwenye bimu zote arobaini na nane. Ubao ukafutika. Ukasoma SIFURI. Kisha sauti ya Shubaka, ile ya upole ya dada wa benki, ikasikika uwanja mzima:

"Maeneo arobaini na nane yamefungwa mpaka mhusika aje kuona kwa macho. Mhusika ni Injinia Mwasomola. Ameitwa. Yuko njiani."

Mgeni rasmi akashuka garini. "Atafika saa ngapi?"

"Mfumo unasema yuko njiani, mheshimiwa," alijibu Kiswaga, na jasho lilimtoka ingawa asubuhi ile ilikuwa ya mawingu.

Basi wakamngoja. Jamani, watu wazima, wenye vyeo na tai, waliketi kwenye viti vya plastiki saa mbili nzima wakimngoja mtu aliyelala Kiwira. Kila robo saa sauti ilirudia: yuko njiani. Mama mmoja aligawa maandazi. Baba mmoja aliilaumu barabara ya Uyole kwa foleni.

Subilaga hakuweza zaidi. Alipanda juu ya lundo la mchanga.

"Wazazi wenzangu! Huyo mnayemngoja nimetoka kwake jana. Ana msalaba kichwani! Amekufa tangu mwaka juzi, na ndiye aliyejibu maswali ya jengo hili lote!"

"Mlevi huyo!" mtu akapiga kelele. "Mshusheni!"

"Mama, shuka," Tumpe alisema kwa sauti ndogo. Amejifunika uso kwa sketi.

Ndipo Ndele akapita katikati ya watu na kipande cha nondo kilichokatwa, kirefu kama mkono. Akakitupa kwenye sakafu ya saruji mbele ya viti. Kililia.

"Viko tisini na sita," alisema. "Nilikata mimi. Mlango wa chumba cha tatu, ghorofa ya nne, haufunguki, na ukuta unaoubeba uko juu ya chuma nusu. Anayesema mama huyu amelewa, aegemeze ngazi hapo nje, apande, aweke kucha kwenye ufa."

Mama mmoja mnene wa Tunduma, asiyemjua Subilaga wala Ndele, alivua viatu, akaegemeza ngazi ya mafundi rangi, akapanda mpaka korido ya kwanza. Walimwona akiinua mkono. Aliposhuka alimpita mgeni rasmi, akaenda moja kwa moja kwa binti yake, akajitwisha godoro. "Twende nyumbani."

Wakafuata wengine, mmoja mmoja, kisha kumi kumi. Hakuna aliyemshukuru Subilaga. Wengine walimtukana, maana nauli na likizo za kazini zimepotea, na kosa linahitaji mtu wa karibu wa kulibeba.

Lango lilipobaki tupu, vioo kumi na viwili vilizimika mikononi mwa wanawake kumi na wawili. Bi Hobokela alivua chake, akakiweka mkononi mwa Subilaga, akamfunga vidole juu yake.

"Haya. Tutakula kwako jioni," alisema. Na haukuwa utani. Walikuja, wote, na watoto wao, na Subilaga alisonga ugali wa watu thelathini, na Tumpe akagawa mboga bila kumtazama mama yake usoni.

Siku ya tatu sauti ya Shubaka bado ilisema yuko njiani. Subilaga aliokota ubao wa kumwagia zege uliotupwa nje ya uzio, akauegemeza kwenye lango, akachukua penseli ya seremala. Mwandiko wake ulikuwa wa darasa la saba, mkubwa, wa kukaza mkono. Mlinzi alimtazama, akageukia upande mwingine.

EPUKA HAYA

Usibonyeze kidole ukiwa na njaa.

Usiseme umeelewa ili wenzako wale. Kaleni mihogo nje.

Usifuate mchoro wako peke yako mahali penye mafundi wawili.

Usikubali kioo kinachozimika mwenzako akitazama.

Usichukue jibu la ghorofa moja ukalipeleka ghorofa nyingine.

Usipokee jibu la mtu asiyekuja kuona. Uliza anakaa wapi. Uliza kama yu hai.

Usitie sahihi karatasi ukiwa msibani.

Usipige puti ufa ambao hujaujua chanzo chake.

Usimcheke anayeuliza mara ya pili.

Usisifu saiti isiyo na maswali.

Usimwachie mtoto wako godoro mlangoni ukaondoka. Panda ngazi. Tazama juu.